Lapulapu alimshinda Magellan mwaka 1521. Ilikuwaje basi Ufilipino ikatawaliwa miaka 333?

Mwalimu wa Kihesa aliandika:

Kamwene ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, na wakubwa wote shikamooni.

Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari hapa Iringa. Kila mwaka klabu yetu ya historia huenda Kalenga kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kisha hupita Lugalo, kando ya barabara ya kwenda Morogoro, mahali ambapo kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski kilivamiwa na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891 na yeye mwenyewe akauawa. Safari hii nilitaka wanafunzi wasidhani kwamba mambo ya namna hiyo yalitokea kwetu tu, kwa hiyo tuliporudi niliwasimulia habari ya Mactan, kisiwa kidogo kinachotazamana na Cebu katika nchi ambayo leo inaitwa Ufilipino. Huko, tarehe 27 Aprili 1521, watu wa mtawala aliyeitwa Lapulapu walimuua Ferdinand Magellan, baharia Mreno aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Hispania. Walimwulia kwenye maji ya kina kifupi yenye miamba, ambako mashua zake hazikuweza kusogea karibu na silaha zake kubwa zikawa hazifiki ufukweni.

Darasa lilifurahi mno. Wapo waliopiga makofi kana kwamba Lapulapu alizaliwa Kalenga. Ndipo binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza: "Mwalimu, kama walimuua mkubwa wao mapema hivyo, ilikuwaje wakatawaliwa miaka mia tatu na zaidi?" Nilihesabu baadaye. Tangu Miguel López de Legazpi alipoanzisha makazi ya Wahispania Cebu mwaka 1565 hadi mwaka 1898 ni miaka 333 kamili, na hapo Wamarekani na Wajapani hawamo.

Nilimpa jibu tulilolizoea, kwamba wageni walikuwa na silaha bora. Yeye alinyamaza kwa adabu, lakini mimi mwenyewe sikuridhika, kwa maana kwa sehemu kubwa ya karne hizo Wahispania waliokuwa visiwani walikuwa wachache sana kuliko wenyeji, na bunduki chache haziwezi kulinda visiwa vyote hivyo kwa miaka yote hiyo. Naomba mwenye ujuzi anieleze jinsi jambo hilo lilivyowezekana. Aidha, naomba ushauri: nikitaka kumlinganisha Mkwawa na upinzani wa Wafilipino, je, Lapulapu ndiye mlinganisho unaofaa, au nimekosea zama?

Mkutubi wa Mafinga alijibu:

Mwalimu, kamwene. Binti huyo amekushika pabaya, na ningekuwa wewe ningempa zawadi.

Swali lake linasema "walimuua" na "wakatawaliwa", kana kwamba waliomuua Magellan na waliotawaliwa baadaye ni kundi moja. Hapo ndipo penye fundo. Mwaka 1521 hapakuwa na nchi iliyoitwa Ufilipino wala mtu aliyejiita Mfilipino. Palikuwa na visiwa zaidi ya 7,000, lugha zaidi ya mia moja, na jamii ndogondogo zilizoitwa barangay, kila moja chini ya mkubwa wake, datu, ambaye mamlaka yake mara nyingi yaliishia pale watu wa ukoo wake na wafuasi wake walipoishia. Jina Filipinas lilitolewa na Wahispania katika miaka ya 1540 kwa heshima ya Felipe, mwana wa mfalme wao.

Sasa tazama vita yenyewe ya Mactan, ambayo tunaifahamu hasa kutokana na maandishi ya Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyekuwamo na akajeruhiwa. Magellan hakwenda Mactan kwa kubahatisha. Mtawala wa Cebu, Humabon, alikwisha kubatizwa na kufanya urafiki naye. Katika Mactan kwenyewe palikuwa na mkubwa mwingine, Zula, aliyemtumia Magellan ujumbe kwamba Lapulapu anamzuia kutoa kodi kwa mfalme wa Hispania, na akamwomba askari wa kumsaidia kupigana naye. Magellan akaingilia ugomvi wa majirani akitaka kuwaonyesha wote nguvu za bwana wake. Akamwambia Humabon akae katika mashua zake na watu wake watazame tu jinsi Wahispania wanavyopigana. Walioshuka majini pamoja naye walikuwa 49. Kiburi hicho kilimuua. Siku chache baadaye, tarehe 1 Mei, Humabon huyohuyo aliwaalika Wahispania karamuni na wengi wa waliohudhuria wakauawa. Mabaki ya msafara yakakimbia.

Kwa hiyo ushindi ulikuwa kamili, lakini ulikuwa wa Mactan. Legazpi alipofika miaka 44 baadaye, akitokea Mexico pamoja na askari na mapadri waliokusudia kukaa, hakukuta taifa lililokwisha kumshinda mtangulizi wake. Alikuta tena visiwa na wakubwa wengi, akafanya urafiki na huyu na kumpiga yule, na mwaka 1571 akaichukua Manila.

Kuhusu uchache wao una haki, na jibu liko katika utawala kuliko bunduki. Mapadri walijifunza lugha za wenyeji na kukaa vijijini, ambako mara nyingi padri ndiye aliyekuwa Mhispania pekee. Jamaa za datu wa zamani waligeuzwa wakuu wa vijiji, wakakusanya kodi kwa niaba ya serikali, na wao wenyewe wakasamehewa kodi hiyo na kazi za lazima ambazo kila mwanamume mwingine alitakiwa kuzifanya siku 40 kwa mwaka. Wanafunzi wako wanawajua maakida na majumbe wa zama za Wajerumani, kwa hiyo hapo hutahitaji maelezo marefu. Watu walipoasi mahali pamoja, Wahispania walipeleka askari wenyeji wa mahali pengine. Uasi wa Tamblot katika kisiwa cha Bohol, mwaka 1621 na 1622, ulizimwa na Wahispania wapatao 50 wakiwa na wapiganaji wenyeji zaidi ya 1,000. Hesabu hiyo moja inamjibu binti yako kuliko aya zangu zote.

Hata hivyo, usimwachie afikiri kwamba walikaa kimya. Bohol hiyohiyo ndiyo iliyotoa upinzani uliodumu kuliko wowote ninaoufahamu katika makoloni ya zama hizo. Mwaka 1744 padri mmoja alikataa kumzika kwa ibada ya Kikristo ndugu wa Francisco Dagohoy, mtu aliyekufa akitekeleza amri ya padri huyohuyo ya kumkamata mwasi wa dini. Dagohoy akaapa, akaacha kutoa kodi na kazi za lazima, akapanda milimani na maelfu ya watu. Huko juu walijenga ngome, wakalima, wakaoa na kuzaa, na watoto wao wakazaa wengine ambao hawakuwahi kumlipa Mhispania hata senti moja. Dagohoy mwenyewe alikufa zamani sana kabla ya mwisho. Uasi ulikoma mwaka 1829, baada ya miaka 85, na serikali ikawasamehe watu zaidi ya 19,000 waliosalia na kuwahamishia katika vijiji vipya. Fikiri Mkwawa angeshikilia milima ya Uhehe tangu 1891 hadi 1976! Lakini kisiwa jirani cha Cebu kiliendelea kulipa kodi muda wote huo.

Wazo la kwamba sisi sote ni kitu kimoja lilichelewa sana. Kwa muda mrefu neno Filipino lilimhusu Mhispania aliyezaliwa visiwani. Mwenyeji aliitwa indio. Tarehe 17 Februari 1872 mapadri watatu wa huko, Mariano Gómez, José Burgos na Jacinto Zamora, walinyongwa hadharani kwa kusingiziwa kuchochea maasi ya askari wa Cavite, na kifo hicho kiliwashtua watu wa visiwa vingi kwa pamoja. Vijana waliosoma, miongoni mwao daktari José Rizal, wakaanza kulitumia neno Filipino kwa maana ya wote. Mwaka 1892 Andres Bonifacio na wenzake wakaanzisha chama cha siri cha Katipunan, na kilipogunduliwa mwezi Agosti 1896, walirarua vyeti vyao vya kodi mbele ya watu na kuingia vitani. Rizal, ambaye hakuutaka uasi huo, alipigwa risasi tarehe 30 Desemba mwaka huohuo.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu zama ni huu. Mkwawa kama mtawala anayelinda nchi yake mwenyewe anafanana na Lapulapu. Mkwawa kama shujaa wa taifa, kwa jinsi tunavyomsimulia leo, amebebeshwa jina ambalo katika 1891 halikuwapo, maana hata neno Tanganyika kama jina la nchi lilianza kutumika mwaka 1920. Lapulapu naye amebebeshwa Ufilipino vivyo hivyo.

Binti wa Makambako alijibu:

Kaka Mkutubi, nimesoma kwa furaha, ila naomba tusije tukateleza kutoka "hawakuwa wamoja" hadi "walisalitiana". Mwalimu akiwa na darasa lenye kupiga makofi, kesho watoto watamzomea Humabon. Mtu hawezi kulisaliti taifa ambalo halijazaliwa. Humabon alifanya hesabu ya mtawala: mgeni mwenye merikebu amekuja, jirani yangu ananisumbua, nitamtumia huyu dhidi ya yule. Alipoona mgeni ameshindwa, akabadili hesabu.

Kwetu ni hivyohivyo. Merere, mtawala wa Usangu, alishirikiana na Wajerumani kwa kuwa Wahehe walikwisha kuwafukuza Wasangu katika nchi yao. Kwake adui wa karibu alikuwa Mkwawa, si mzungu aliyemsikia juzi. Miaka michache baadaye, katika Vita vya Majimaji, Wabena walishambulia misheni ya Yakobi mwaka 1905, ilhali Wahehe hawakujiunga, na wapo waliokwenda na Wajerumani dhidi ya majirani zao. Mimi ni Mbena, lakini sisemi haya kuwachokoza Wahehe. Ninasema kwamba kila upande ulikuwa na kumbukumbu zake.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi wa huku watalielewa upesi kuliko wa mahali pengi, nalo ni dawa. Huko Ufilipino hirizi ya kumkinga mtu na risasi huitwa anting-anting. Katika kisiwa cha Samar, kuanzia mwaka 1904, wakulima waliojulikana kama Pulahan kwa sababu ya mavazi yao mekundu walishuka milimani wakiwa na mapanga na hirizi, wakawashambulia askari waliowekwa na Wamarekani. Miaka hiyo ndiyo miaka ya Kinjikitile Ngwale na maji yake ya kuwakinga wapiganaji wa Majimaji na risasi. Hakuna aliyemsikia mwenzake.

Vitabu vyetu vya shule hupenda kulieleza jambo hili kama ujinga uliowaponza watu. Mimi naona pungufu. Mwaka 1841, Apolinario de la Cruz, kijana wa Tayabas aliyekataliwa kuingia katika shirika la watawa kwa sababu tu ya kuwa mwenyeji, alikuwa amekwisha kuunda udugu wake wa sala wenye maelfu ya wafuasi kutoka mikoa kadhaa. Serikali ilipoukataza, walipigana, mamia wakauawa, naye akauawa akiwa na umri wa miaka 27. Sala, hirizi na kiapo viliwaunganisha watu wa vijiji ambavyo havikuwa na datu mmoja wala mtemi mmoja, kama maji yalivyowaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na Wabena, ambao hawakuwa na sababu nyingine ya kukaa pamoja. Risasi hazikugeuka maji, hilo ni kweli. Ila katika zama zisizo na chama cha siasa, hicho ndicho kilichokuwa chama.

Mzee wa Tukuyu alijibu:

Wanangu, mmejadili vizuri, nami nina neno la kupinga.

Mkutubi ameeleza habari yote kwa utengano: hawakuwa wamoja, kwa hiyo wakashindwa. Basi na anieleze mwaka 1899. Wakati huo walikuwa na jina moja, bendera moja, uhuru uliotangazwa Kawit tarehe 12 Juni 1898, na jamhuri iliyozinduliwa Malolos tarehe 23 Januari 1899 ikiwa na katiba na rais, Emilio Aguinaldo. Majeshi yao yalikuwa yamewabana Wahispania ndani ya Manila. Wahispania wakaona heri wajisalimishe kwa Wamarekani, ambao mwaka huo walikuwa vitani na Hispania, kwa mapigano ya kuigiza, tarehe 13 Agosti 1898, Wafilipino wakazuiwa kuingia mjini. Na mwezi Desemba, huko Paris, visiwa vyote vikakabidhiwa Marekani kwa dola milioni 20 bila mwenyeji hata mmoja kusikilizwa mezani. Vita na Wamarekani vikaanza tarehe 4 Februari 1899. Wakashindwa wakiwa na umoja mwingi kuliko wakati wowote uliotangulia.

Kilichowashinda ni kile kilichotushinda sisi, nacho ni njaa. Wafilipino walipoingia vita vya msituni, Jenerali Bell wa Marekani aliwakusanya wakulima wa mkoa wa Batangas katika kambi, na chochote kilichobaki nje ya mipaka ya kambi, ghala, mpunga au mifugo, kiliharibiwa au kuchukuliwa. Magonjwa yakaingia, kipindupindu kikafuata. Wapiganaji wao waliokufa wanakadiriwa kuwa 20,000, lakini raia waliokufa kwa vita, njaa na maradhi hukadiriwa kuwa 200,000 au zaidi; Wamarekani waliokufa walizidi kidogo 4,200. Ukiwasikiliza wazee wa Iringa juu ya miaka ya mwisho ya Mkwawa, utasikia habari za mashamba na maghala yaliyochomwa ili asiwepo wa kumlisha, na katika Majimaji huku kusini, njaa iliwaua wengi kupita risasi. Wajerumani hawakuwa wamefundishwa na Wamarekani. Kila mmoja aligundua mwenyewe kwamba mpiganaji wa msituni hula chakula cha mkulima.

Mwalimu, kama unatafuta mlinganisho wa tarehe, nitakupa unaouma. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni huko Songea. Yapata juma moja baadaye, mwezi Machi, katika kisiwa cha Jolo, Wamarekani walipanda Bud Dajo, mlima wa volkano, ambako Waislamu wa Sulu waliokataa kodi na sheria za wageni walikuwa wamejificha kwenye shimo la kileleni pamoja na wake na watoto wao. Anayelijua ziwa Ngozi ataweza kuwaza umbo la mahali pale, ijapokuwa mlima wao ni mdogo. Waliouawa walikaribia elfu moja. Waliosalia hai ni wachache mno.

Na hapo ndipo ninapomlaumu Mkutubi kwa kuwasahau watu hao. Wahispania waliwaita Moro, yaani Waislamu, kwa jina walilowaita maadui wao wa zamani wa huko kwao. Masultani wa Sulu na Maguindanao walipigana na Hispania kwa zaidi ya karne tatu, na Sultani Kudarat wa Maguindanao, katika karne ya 17, alikufa akiwa bado anatawala. Hispania ilipoiuzia Marekani visiwa vyote, iliuza na nchi ambazo haikuwahi kuzimiliki sawasawa.

Mwalimu wa Kihesa aliandika:

Mzee wangu, shikamoo, na asante. Dada wa Makambako, umeniokoa kabla sijapotosha darasa.

Nimekaa na daftari nikalinganisha tarehe, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: Kawit walitangaza uhuru tarehe 12 Juni 1898, na Mkwawa alijipiga risasi huko Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Ni siku 37 tu. Kwa hiyo mlinganisho wa kizama ninao.

Bado maswali mawili. Aguinaldo alikamatwaje? Na je, upinzani uliishia hapo?

Mkutubi wa Mafinga alijibu:

Mzee wa Tukuyu amenikamata, nami ninakubali. Utengano unaeleza karne tatu za Wahispania vizuri zaidi kuliko unavyoeleza miaka mitatu ya Wamarekani. Lakini mzee wangu, sikubali kwamba mwaka 1899 umoja ulikuwa kamili. Bonifacio, aliyeanzisha Katipunan, aliuawa tarehe 10 Mei 1897 na watu wa upande wa Aguinaldo baada ya ugomvi wa uongozi, na jeraha hilo halikupona.

Nalo ndilo linalonipeleka kwenye jibu la Mwalimu. Aguinaldo alikamatwa tarehe 23 Machi 1901 huko Palanan, milimani kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, kwa hila. Frederick Funston na maofisa wenzake wanne wa Kimarekani walijifanya mateka, wakaongozwa hadi makao ya rais na askari wapatao themanini wa Macabebe waliovaa kama wapiganaji wa Aguinaldo, wakiwa wametanguliza barua za kughushi kwamba msaada aliouomba unakuja. Macabebe ni mji wa Pampanga, na watu wa Pampanga walikuwa wakiandikishwa katika majeshi ya Wahispania kwa vizazi vingi. Watagalog, watu wa eneo la Manila, wa upande wa mapinduzi waliwatendea kwa chuki kwa sababu hiyo. Dada wa Makambako atasema walikuwa na kumbukumbu zao, na atakuwa amesema kweli. Wiki chache baada ya kukamatwa, Aguinaldo aliapa utii kwa Marekani na kuwataka wenzake waweke silaha chini. Kwa tabia, huyu hafanani na Mkwawa hata kidogo, na mimi sioni aibu kumwambia mwanafunzi hivyo. Anayekaribia kufanana na Mkwawa ni Gregorio del Pilar, jenerali kijana aliyeuawa tarehe 2 Desemba 1899 katika njia nyembamba ya Tirad, akiwa na wapiganaji wapatao 60, ili rais wake apate muda wa kukimbia. Wengi wa hao 60 walikufa pamoja naye.

Kwamba upinzani uliishia hapo, hapana. Rais Roosevelt alitangaza mwisho wa vita tarehe 4 Julai 1902, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuwaita majambazi wote walioendelea na silaha. Macario Sakay, kinyozi wa Manila aliyekuwa mwanachama wa Katipunan, aliendelea milimani na wenzake walioacha nywele zao zikue. Alishuka mwaka 1906 kwa ahadi ya msamaha, akakamatwa karamuni, akanyongwa tarehe 13 Septemba 1907 kama jambazi wa kawaida. Wajapani walipovamia Desemba 1941, wakulima wa Luzon ya kati waliunda Hukbalahap, jeshi la wananchi dhidi ya Wajapani, mwezi Machi 1942, chini ya Luis Taruc. Mwezi Aprili 1946 Taruc alichaguliwa kuwa mbunge akanyimwa kiti chake, na baada ya uhuru wa tarehe 4 Julai mwaka huohuo akarudi msituni. Wakulima walikuwa wanadai ardhi ileile chini ya mabwana walewale.

Kitendo cha mwisho ninachokipenda hakikuwa na bunduki. Tarehe 16 Septemba 1991 Seneti ya Ufilipino ilipiga kura 12 kwa 11 kukataa mkataba wa kuendelea kuwapo kwa kambi ya majeshi ya Marekani, na mwezi Novemba 1992 manowari za mwisho zikaondoka katika kambi hiyo, Subic.

Binti wa Makambako alijibu:

Mwalimu, nyongeza moja kwa safari yenu ya Kalenga, kwa kuwa kule watoto husimama mbele ya fuvu.

Tarehe 28 Septemba 1901 watu wa mji wa Balangiga, kisiwani Samar, wakiongozwa na mkuu wa polisi wao Valeriano Abanador, waliwavamia kwa mapanga askari wa Kimarekani waliokuwa wakipata kifungua kinywa, wakawaua 48. Jenerali Jacob Smith akaamuru Samar igeuzwe jangwa na kila mwanamume mwenye kuweza kushika silaha, kuanzia umri wa miaka kumi, auawe. Amri hiyo ilimfikisha mahakamani na kustaafishwa, basi. Askari wakachukua kengele tatu za kanisa la Balangiga kama nyara. Mbili zilikaa Wyoming, moja ilikuwa na kikosi cha Wamarekani huko Korea. Zilirudishwa Desemba 2018, baada ya miaka 117.

Fuvu la Mkwawa, lililobebwa na Wajerumani, lilirudi Kalenga mwaka 1954, baada ya miaka 56, na ikumbukwe kwamba madai yake yaliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Mwambie binti yako wa kidato cha tatu aulize kwa nini mshindi hubeba kengele na kichwa badala ya kuvizika.

Mwalimu wa Kihesa aliandika:

Nitamwachia yeye alianzishe somo kwa swali hilo Jumatatu. Ubaoni nitaandika kwanza Humabon na Merere, nao Lapulapu na Mkwawa watasubiri kipindi cha pili. Mzee wa Tukuyu, ukipita Iringa nijulishe, uwaeleze mwenyewe habari ya njaa.

Mzee wa Tukuyu alijibu:

Mwezi wa saba, baada ya mavuno, Mungu akijalia. Nitakuja na ramani ya Jolo niliyoichora kwa mkono, msicheke mwandiko.